Klachi sio kazi ya jeki na spana tu
Jamani hii ya kusema eti klachi unabadilisha mwenyewe uani ukiwa na jeki na spana tu, sio kweli. Kazi sio ile pleti ya klachi, kile kisahani kinachoisha, kazi ni kushusha giaboksi ndo uifikie, na giaboksi ni nzito, ukilala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake unacheza na roho yako, lazima stendi za kushikilia gari. Halafu wengi wananunua pleti tu wanaacha presha (ile inayoibana pleti) na beringi ya klachi za zamani, beringi ikianza kulia baadaye giaboksi inashuka tena, hela ya ufundi unaitoa mara mbili. Una stendi imara, msaidizi na kile kifimbo cha kusentia pleti, yaani kuiweka katikati? Fanya. Huna, peleka gereji, ila simama hapo uone wanafunga seti nzima, pleti, presha na beringi.