Hadhi ya mtoto mbele ya wenzake: maana yake na namna ya kuipima

Hadhi ya mtoto mbele ya wenzake ni kiasi ambacho darasa linamkubali au kumkataa. Si urafiki. Urafiki ni wa wawili, kila mmoja akimtaja mwenzake. Hadhi hutolewa na kundi. Ndiyo maana mtoto wa darasa la nne pale Ujiji anaweza kukataliwa na nusu ya darasa na bado akawa na rafiki mmoja wa kufa na kuzikana.

Kipimo chake kilianzia katika kazi ya daktari wa magonjwa ya akili Jacob Moreno miaka ya 1930. Makundi ya hadhi yanayotumika hadi leo yaliwekwa mwaka 1982 na watafiti John Coie, Kenneth Dodge na Heide Coppotelli wa Marekani. Kila mwanafunzi anataja wenzake watatu anaopenda kucheza nao na watatu asiopenda. Kura za kupendwa, ukitoa za kukataliwa, zinaonyesha anavyokubalika. Ukizijumlisha, unajua anavyoonekana, yaani wenzake wanavyomtambua, kwa wema au kwa ubaya. Chukua darasa la watoto 40 ambalo kila mmoja ametaja watatu: wastani ni kura 3 za kila upande. Mwenye 9 na 1 anapendwa. Mwenye 1 na 9 anakataliwa, ingawa wote wawili wanaonekana sawasawa. Mwenye 0 na 1 amesahaulika, na mwenye 8 na 8 ana utata: huyu mara nyingi ni mchekeshaji au mbabe ambaye wengine wanamfuata na wengine hawamtaki kabisa. Waliobaki ni wa kawaida, nao ndio wengi.

Kupima kunaharibika kirahisi. Kwanza majina: darasani wanaweza kuwapo akina Ramadhani watano, kwa hiyo andika namba ya kwenye rejista na jina la baba. Pili, wavulana hutaja wavulana na wasichana hutaja wasichana, basi hesabu kila jinsia peke yake. Tatu, darasa la watoto mia halijuani lote. Mtoto wa dawati la nyuma ataonekana amesahaulika kumbe kakaa mbali tu. Muulize kila mmoja faraghani, kwa lugha anayoielewa, na usiulize dakika chache kabla ya mapumziko, kwani majibu yatahamia uwanjani. Swali la “nani humpendi” ndilo zito. Wazazi wasiporidhia, liache. Tumia nyuso tatu, ya kucheka, ya kawaida na ya kununa, mtoto amwekee kila mwenzake mojawapo. Matokeo hayabandikwi ukutani wala hayasomwi mstarini.

Wanaosahaulika hawahitaji hofu kubwa. Wengi wao wakibadilishiwa darasa au dawati hali hubadilika, na wengine wametulia tu. Kukataliwa ndiko kunakodumu. Wapo wanaokataliwa kwa sababu wanapiga na kunyang’anya, na wapo wanaokataliwa kwa sababu wanajitenga na kuogopa. Ukiwapa wote dawa moja umepoteza muda. Halafu kuna sifa mbaya: mtoto akishajulikana mgomvi, hata akimkanyaga mwenzake kwa bahati mbaya kwenye rede, wenzake watasema kakusudia. Kwa hiyo kumfundisha yeye adabu hakutoshi, maana waamuzi ni wale wengine.

Kosa linalopendwa sana ni kumfanya kiranja ili “abadilike”. Kazi ya kwanza anayopewa ni kuandika wapiga kelele, na wanaochapwa kwa orodha yake wanaongeza kura za kumkataa. Watamwogopa, pengine hata watamtaja kuwa maarufu, lakini umaarufu na kupendwa ni vitu viwili, hasa kuanzia madarasa ya juu ya msingi. Afadhali kazi inayowapa wengine kitu: kutunza mpira, kugawa vitabu, kujaza ndoo ya maji akiwa na mwenzake mmoja mpole.

Mwalimu naye ana mkono wake. Anayemkaripia mtoto yule yule mbele ya wote kila siku anawaelekeza wengine namna ya kumwona. Na kwenye chandimu, acha mtindo wa manahodha wawili kuchagua mmoja mmoja hadi abaki wa mwisho. Hesabu moja, mbili, moja, mbili, timu zimepatikana. Pima tena muhula unaofuata kwa maswali yale yale, la sivyo hutajua kilichobadilika ni mtoto au ni swali.