Faida ipo, pesa haipo: bajeti ya fedha taslimu kwa duka la jumla Lamu

Kazi yangu ni kutengeneza hesabu za wafanyabiashara wa Lamu na Malindi, na swali ninaloulizwa zaidi na wenye maduka ya jumla ni hili: duka linauza, faida inaonekana, mbona siku ya kupakia mzigo Mombasa pesa hazitoshi? Taarifa ya faida na hasara haiwezi kulijibu, kwa sababu huhesabu mauzo siku bidhaa zinapotoka, ziwe zimelipiwa au zimetolewa kwa mali kauli. Bajeti ya fedha taslimu ndiyo inayouliza ni nani ataleta pesa, na ataleta lini.

Huanzia kwenye makadirio ya mauzo, na hapa kwetu ni hatari kunakili mauzo ya mwezi uleule wa mwaka uliopita. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka: mwaka 2025 ilikaa karibu yote ndani ya Machi, na mwaka 2026 ilianza katika nusu ya pili ya Februari. Kwa kuwa maduka ya rejareja hununua sukari, unga wa ngano, tende na mafuta ya kupikia kabla ya mwezi kuandama, mauzo makubwa ya muuzaji wa jumla hutangulia mfungo wenyewe, na manunuzi yake hutangulia zaidi.

Nichukue duka la kubuni. Mauzo ya Desemba na Januari ni shilingi 2,000,000 kila mwezi, Februari 3,000,000, kisha Machi na Aprili 2,000,000 tena. Bidhaa humgharimu mwenye duka asilimia 90 ya bei ya kuuzia. Gharama hiyo lazima ihesabiwe hadi mlangoni mwa ghala. Gunia la sukari la kilo 50 hutoka Mombasa likapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, likashushwa na makuli, likavushwa kwa mashua, likashushwa tena gatini Lamu, kisha likabebwa na punda au mkokoteni. Nauli za lori na mashua, ujira wa makuli na wa mwenye punda, vyote ni sehemu ya bei ya gunia hilo, na lisipouzwa hubaki nazo ndani ya thamani ya akiba ya bidhaa. Nauli ya kumpelekea mteja mzigo wake Faza, kisiwani Pate, ni jambo jingine: hiyo ni gharama ya kuuza.

Mwenye duka hutaka kila mwisho wa mwezi ghala liwe na theluthi moja ya bidhaa zitakazouzwa mwezi unaofuata. Kwa hiyo manunuzi ya Januari ni gharama ya mauzo 1,800,000, kuongeza akiba ya kufungia (bidhaa za mwisho wa mwezi) 900,000, kutoa akiba ya kufungulia (bidhaa za mwanzo wa mwezi) 600,000, yaani 2,100,000. Kwa njia hiyohiyo Februari ni 2,400,000 na Machi 1,800,000. Msambazaji hulipwa papo hapo mzigo unapopakiwa. Wateja hulipa nusu taslimu na nusu mwezi unaofuata, hivyo makusanyo ni 2,000,000 Januari, kisha 2,500,000 kwa kila mmoja wa miezi miwili inayofuata. Mshahara, kodi ya duka na umeme ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye duka huchukua 40,000 za nyumbani.

Akianza Januari na 200,000, atamaliza akiwa amepungukiwa na 20,000. Na kwa kuwa hapendi sanduku lishuke chini ya 100,000, anahitaji mkopo wa 120,000 Januari na 20,000 zaidi Februari. Machi pesa zinafunguka: analipa deni lote la 140,000 na kubaki na 540,000. Hapa nimechukulia kwamba ndugu yake amemkopesha bila riba. Akitumia murabaha, ambapo benki humnunulia bidhaa na kumuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, basi malipo hayo yaandikwe katika tarehe za mafungu yake.

Sasa tazama taarifa ya faida na hasara ya Januari hiyohiyo. Faida ghafi, yaani mauzo kutoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, ni 200,000. Ukitoa gharama 80,000 na uchakavu wa vifaa (thamani wanayopoteza kwa kutumika) 10,000, faida halisi ni 110,000. Uchakavu hauingii katika bajeti ya fedha kwa sababu hakuna anayelipwa. Mkopo na pesa za nyumbani haviingii katika taarifa ya faida kwa sababu si mapato wala gharama. Faida ya miezi yote mitatu ni 430,000.

Mizania, yaani orodha ya mali na ya mtaji siku moja, ndiyo inayosema kama tumeandika sawasawa. Mwisho wa Machi kuna fedha 540,000, wadaiwa (pesa ambazo wateja hawajalipa) 1,000,000, bidhaa 600,000 na vifaa 470,000, jumla 2,610,000. Upande wa pili, mtaji wa kuanzia 2,300,000 (fedha 200,000, wadaiwa 1,000,000, bidhaa 600,000 na vifaa 500,000) kuongeza faida 430,000, kutoa 120,000 alizochukua, ni 2,610,000. Zisipolingana, mimi huanza kutafuta kwenye wadaiwa na akiba ya bidhaa.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nimeiacha nje ya mfano ili hesabu zisomeke, lakini aliyesajiliwa asiiache. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kwa kawaida haisubiri mteja alipe, kwa hiyo mali kauli ya Januari inaweza kukulipisha kodi Februari kabla hujaona shilingi.

Tarakimu ninayoiamini kidogo kuliko zote ni ile nusu ya taslimu. Msimu wa kusi bahari inapochafuka, wavuvi wa Kizingitini hawatoki kila siku, maduka yanayowakopesha huchelewa kulipa, na kuchelewa huko huishia kwenye daftari la muuzaji wa jumla. Kwa hiyo huandika bajeti ya pili yenye makusanyo ya chini. Katika mfano wetu, taslimu ya Januari ikishuka kutoka asilimia 50 hadi 40, makusanyo hupungua kwa 200,000 na mkopo unaohitajika hupanda kutoka 120,000 hadi 320,000, ilhali faida ya mwezi hubaki ileile 110,000. Bajeti hiyo ya pili ndiyo ninayomshauri mwenye duka aende nayo kwa msambazaji mwezi wa Desemba, kuomba sehemu ya mzigo wa Januari ilipwe Machi.