Django iitike popote kwenye seva: dhana potofu na ukweli

Minada ya korosho ikianza, mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) uliolala miezi mingi huanza kuombwa ripoti kila asubuhi. Tuchukue mfumo wa namna hiyo uliojengwa kwa Django, zana ya Python ya kutengenezea mifumo ya wavuti, ulioko kwenye seva ya Ubuntu, folda `/srv/korosho`. Ndani yake kuna `mfumo`, yenye `settings.py`, na programu mbili: `stakabadhi` na `minada`. Pembeni, `/srv/kazi/ripoti.py` hujumlisha kilo zilizoingia ghalani. Ukiiendesha kwa mkono inakubali. Ikiachiwa cron, kiendesha kazi kwa ratiba, alfajiri, inajibu: `ModuleNotFoundError: No module named 'stakabadhi'`.

Dhana: Python hutafuta moduli kwenye folda uliyosimama.

Si mara zote. Ukiandika `python3 /srv/kazi/ripoti.py`, nafasi ya kwanza kwenye `sys.path` (orodha ya folda ambamo Python hutafuta moduli) huchukuliwa na folda ilimo skripti yenyewe, yaani `/srv/kazi`, hata kama wewe umesimama `/tmp`. Folda uliyosimama huingia pale unapotumia `-m` au `-c`, au unapoifungua Python na kuandika mstari kwa mstari. Ndiyo maana jaribio la haraka ukiwa ndani ya `/srv/korosho` hukupa moyo, kisha skripti ikakuangusha. Baada ya nafasi hiyo ya kwanza hufuata `PYTHONPATH` (kigezo cha mazingira unachoweza kukiandikia folda zako), maktaba za Python yenyewe, na mwisho `site-packages` (folda ya vifurushi vilivyosakinishwa).

Kwa hiyo `manage.py` haihitaji `cd`: `python3 /srv/korosho/manage.py` hufanya kazi ukiwa popote. Kinachopotea ni mafaili yaliyotajwa kwa njia fupi, kama `open("data/bei.csv")`. Hayo ndiyo hutafutwa pale uliposimama.

Usibahatishe. Weka `import sys; print(sys.executable, sys.path)` juu kabisa ya skripti, uiache cron iiendeshe, kisha usome ilichokiona.

Dhana: Nimeandika `PYTHONPATH` kwenye `.bashrc`, nimemaliza.

Hapa ndipo wengi hukwama. `.bashrc` husomwa na terminali yako, ndiyo maana kwa mkono ripoti inakubali. Cron haiisomi, huduma za systemd (zinazoendeshwa na seva yenyewe) haziisomi, na `sudo` kwa kawaida hufuta `PYTHONPATH` njiani. Unaweza kuandika `PYTHONPATH=/srv/korosho` juu ya crontab (faili la ratiba za cron), na itafanya kazi, ila usiandike `$HOME` ndani yake: cron haifungui vigezo kwenye mistari hiyo, itaichukua kama herufi tu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kigezo hiki hugusa kila Python inayokirithi. Ukiwa na miradi miwili na kila mmoja una folda `mfumo`, ya kwanza kwenye orodha ndiyo itakayojibu, na utasoma mipangilio ya mradi mwingine bila onyo lolote.

Na tukiwa kwenye crontab: saa kumi na moja alfajiri huandikwa 5. Ukiandika 11, ripoti itatoka saa tano asubuhi. Seva ikiwa inafuata UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3, andika 2.

Dhana: `sudo pip install django`, kila mtumiaji ataipata.

Debian 12 na Ubuntu 24.04 hukataa kwa ujumbe `externally-managed-environment`. Wapo wanaolazimisha kwa `--break-system-packages`, na jina hilo limeshasema litakachofanya: Python ya mfumo hutumiwa na zana za Ubuntu yenyewe. Isitoshe, Python moja hubeba toleo moja la Django. Mradi wa 4.2 na wa 5.2 hawawezi kukaa hapo pamoja.

Dhana: Venv haifanyi kazi bila `activate`.

Venv ni folda yenye Python na maktaba za mradi mmoja. `activate` hubadilisha hasa `PATH` ya terminali (orodha ya folda za kutafutia amri), kukupunguzia kuandika. Ukiita `/srv/korosho/venv/bin/python` kwa njia kamili, Python hiyo tayari inajua `site-packages` zake, popote ilipoitwa. Ila usiihamishe venv kwenda folda nyingine. Skripti za ndani ya `bin`, pamoja na `pip`, zimeandikiwa njia ya zamani. Ifute, utengeneze mpya.

Venv ikishakuwepo, sakinisha mradi wako humo kama kifurushi. Andika `/srv/korosho/pyproject.toml`:

```
[project]
name = "korosho"
version = "0.1"

[tool.setuptools]
packages = ["mfumo", "stakabadhi", "minada"]
```

Kisha `/srv/korosho/venv/bin/pip install -e /srv/korosho`. Mstari wa `packages` usiuruke. Bila huo, setuptools (zana ya kufungasha miradi ya Python) hukuta folda kadhaa za juu na kukataa kwa `Multiple top-level packages discovered`. Kwa `-e` hakuna kinachonakiliwa, ukihariri `models.py`, badiliko linaonekana skripti ikianzishwa upya.

Amri hiyo huhitaji intaneti kupakua setuptools. Bando likiwa limekata, njia ya pili ni kuweka faili `korosho.pth` ndani ya `site-packages` ya venv, lenye mstari mmoja tu: `/srv/korosho`. Angalia tahajia, kwa sababu folda isiyokuwepo hurukwa kimyakimya. Ndivyo inavyokuwa pia kwa folda isiyosomeka: tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za watumiaji ndani ya `/home` hufungwa kwa ruhusa 750, hivyo mradi uliowekwa humo hauonekani kwa `www-data` (mtumiaji wa seva ya wavuti), na kosa litasema moduli haipo badala ya kusema ruhusa hakuna.

Dhana: Moduli ikishapatikana, Django iko tayari.

Bado. Ukiita `models` bila mipangilio unapata `ImproperlyConfigured`. Ukiitaja mipangilio bila kuiandaa Django unapata `AppRegistryNotReady`. Mpangilio ni huu, na mstari wa mwisho usipande juu:

```
import os, django
os.environ.setdefault("DJANGO_SETTINGS_MODULE", "mfumo.settings")
django.setup()
from stakabadhi.models import Stakabadhi
```

Dhana: Jina la skripti halina shida.

Ukiita skripti yako `django.py`, itajiita yenyewe. Dalili yake moja ni maneno `'django' is not a package`.

Kama kazi yenyewe ni ripoti ya mfumo huohuo, huenda huhitaji skripti ya pembeni. Iweke kwenye `stakabadhi/management/commands/ripoti.py` kama amri ya Django, na `manage.py` itashughulikia njia, mipangilio na maandalizi. Crontab inabaki na mstari mmoja:

```
0 5 * * * /srv/korosho/venv/bin/python /srv/korosho/manage.py ripoti >> /srv/kazi/ripoti.log 2>&1
```