Namba 16 kwenye springi ya bastola ina maana gani

Ukiifungua 1911, bastola ya Kimarekani iliyopewa jina la mwaka wake, ili kuisafisha, kitu cha kwanza kinachotaka kukutoboa jicho ni springi. Imelala chini ya mtutu, na ikiwa huru urefu wake unakaribia ule wa penseli mpya, lakini humo ndani imebanwa ikabaki nusu na kidogo hivi. Mbele yake kuna kizibo kidogo cha chuma. Kidole kikiteleza, kizibo kile kinaruka hadi darini. Mafundi wa bunduki huvaa miwani kwa kazi hii, hata wale waliokwisha kuifanya mara mia.

Hiyo ndiyo springi ya kurejesha. Kazi yake iko kwenye jina: kuirejesha slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi mbele, mahali pake baada ya kila risasi. Wengi huichukulia kama shokapu, kitu kilichowekwa humo ili kupunguza teke mkononi. Kuna ukweli kidogo ndani yake, na huo ukweli kidogo ndio unaowapotosha watu siku ya kununua mpya. Wanaona 16, wanaona 18, wanachukua 20 kwa sababu ni kubwa.

Tuifuate risasi moja tuone kinachotokea. Baruti inapowaka, gesi inasukuma kichwa cha risasi mbele na kulisukuma ganda nyuma kwa wakati huohuo. Ganda limeegemea slaidi. Katika 1911, mtutu na slaidi vimeshikana kwa meno, hivyo vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache tu. Kichwa cha risasi kikiwa kimeshatoka, sehemu ya nyuma ya mtutu inashuka, meno yanaachana, na slaidi inaendelea na safari peke yake, karibu sentimita 5. Njiani inalichomoa ganda na kulitupa nje, inaikoki nyundo, yaani inailaza nyuma tayari kwa kufyatua, na inaibana springi.

Safari ya kwenda ilisukumwa na gesi. Ya kurudi haina gesi. Ni springi peke yake inayoipeleka slaidi mbele, iikwapue risasi mpya kutoka mdomo wa magazini, iiingize chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, iuinue mtutu, meno yashikane tena. Kwa hiyo ukitaka kujua springi ya kurejesha ni kitu gani, tazama zaidi safari ya kurudi kuliko ya kwenda.

Sasa namba. Kwenye pakiti utakuta 12, 14, 16, 18, na mara nyingi mbele yake herufi lb. Hizo ni ratili, kipimo cha zamani cha uzito. Springi ya ratili 16 ni sawa na kilo 7 na robo. Lakini kilo hizo zimepimwa wapi? Hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Mfikirie muuza nyama mwenye mzani wa kuning'iniza. Akitundika kilo moja, mshale unashuka hatua moja. Akitundika mbili, hatua mbili. Ndani ya mzani ule hamna uchawi, mna springi tu, na springi ina tabia hiyo: kadiri unavyoivuta au kuibana, ndivyo inavyokurudishia nguvu, kwa uwiano uleule. Mwingereza Robert Hooke aliiandika kanuni hiyo mwaka 1678. Maana yake kwetu ni kwamba springi moja haina nguvu moja. Slaidi ikiwa imefungwa, springi inasukuma kwa nguvu ndogo kiasi. Ikivutwa hadi mwisho, inasukuma kwa nguvu yake yote. Namba ya kwenye pakiti ni hiyo ya mwisho: ratili ambazo springi inasukuma slaidi ikiwa imefika nyuma kabisa, katika bastola ya urefu uliotajwa kwenye pakiti hiyo.

Maneno hayo ya mwisho yasipitwe. Springi ya 1911 ya kawaida, yenye mtutu wa inchi 5, ukiihamishia bastola fupi, itabanwa kwa kipimo kingine, na namba yake haitakuwa na maana tena. Inaweza hata kugandamana pete kwa pete kabla slaidi haijamaliza safari. Hapo kinachoizuia slaidi si nguvu ya springi tena, ni chuma kupiga chuma.

Kwa 1911 ya inchi 5 inayotumia risasi ya .45 ACP, risasi yake ya asili, kipimo kilichozoeleka ni ratili 16. Hicho kinaendana na risasi yenye kichwa cha greni 230, yaani gramu 15 hivi, inayotoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 250 kwa sekunde. Ile yenye mtutu wa inchi 4 na robo hupewa 18. Ile fupi zaidi, ya inchi 3 na nusu, hupanda hadi 22 au zaidi. Mtu huuliza, mbona ndogo ndiyo inadai springi kali? Kwa sababu slaidi yake ni nyepesi, kwa hiyo inarushwa nyuma kwa kasi kubwa zaidi, na njia yake ya kusimamia ni fupi. Springi ina muda mchache wa kufanya kazi ileile.

Upande wa pili wako walenga shabaha. Kwenye mashindano ya kitaifa ya Marekani, yale yanayofanyika Camp Perry, Ohio, utawakuta watu wenye 1911 walioweka ratili 12 tu. Risasi zao zimepunguzwa baruti na vichwa vyake ni vyepesi, vya kutoboa karatasi. Ukiweka 16 juu ya risasi dhaifu kama hizo, slaidi haifiki nyuma. Kwa hiyo 12 kwao siyo springi mbovu. Ndiyo inayofaa.

Turudi kwa yule aliyechukua 20. Nia yake ilikuwa kupunguza teke. Lakini teke halipotei. Kichwa cha risasi kimekwenda mbele na mwendo wake, na bastola lazima irudi nyuma na mwendo ulio sawa na huo, pamoja na wa gesi. Springi inaweza tu kugawa namna mwendo huo unavyokufikia: kidogo mapema, kidogo baadaye. Tena sehemu kubwa ya kazi ya kuichelewesha slaidi inafanywa na uzito wa slaidi yenyewe, na nyundo nayo ina springi yake inayogoma kukokiwa. Jaribu mwenyewe kwa bastola isiyo na risasi: vuta slaidi nyundo ikiwa chini, kisha koki nyundo kwanza ndipo uvute. Mara ya pili ni rahisi zaidi, na springi ya kurejesha hujaigusa.

Kisha kuna deni. Nguvu yote springi inayoihifadhi wakati wa kwenda inailipa wakati wa kurudi. Slaidi iliyosukumwa na ratili 20 inarudi mbele kwa hasira, inabamiza, na mdomo wa mtutu unainama chini kabla hujalenga tena. Risasi iliyo kwenye magazini nayo inahitaji muda wa kupandishwa na springi ya magazini. Slaidi ikiwahi sana, inapita juu ya risasi au inaibana vibaya. Wapo watengenezaji wanaoweka ndani ya pakiti springi ndogo ya pili, ya pini ya kufyatulia, ile inayogonga ganda ili baruti iwake, iliyo kali kuliko ya kawaida. Sababu ni hiyohiyo: slaidi inayobamiza sana inaweza kuifanya pini iteleze mbele yenyewe. Ukiikuta springi hiyo kwenye pakiti usiitupe ukidhani ni ya ziada.

Bastola yenyewe itakwambia springi haifai, mradi uyatazame maganda. Springi ikiwa imechoka au ni dhaifu kwa risasi unayotumia, maganda yanarushwa mbali, na unasikia slaidi ikigota kwa ukali kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola. Siku nyingine slaidi inarudi lakini inasimama nywele moja kabla ya kufunga kabisa, hasa bastola ikiwa chafu. Ikiwa kali mno, maganda yanaanguka karibu na miguu yako. Ganda moja moja linanasa likiwa limesimama wima mlangoni kama dohani, na baada ya risasi ya mwisho slaidi inajifunga wakati ilipaswa kubaki wazi. Nikiri hapa kwamba mkono mlegevu unaleta dalili hizohizo za pili. Kabla ya kulaumu springi, mpe bastola mtu mwenye kifundo cha mkono kilicho imara afyatue magazini moja.

Kuchoka kwa springi hakuji kwa kukaa. Bastola iliyokaa kabatini miaka kumi springi yake huwa karibu na ilivyokuwa. Kinachoichosha ni kubanwa na kuachiwa, mara elfu na elfu. Kwa 1911 ya inchi 5 mafundi wengi hubadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000. Kwa zile fupi, mapema zaidi sana, kwa kuwa zinabanwa kikatili. Usishtuke springi mpya ikipungua urefu kidogo baada ya magazini za mwanzo. Hiyo ni kukaa sawa tu. Inayotakiwa kuangaliwa ni ile unayoilaza mezani kando ya mpya ya aina ileile na kuiona imepungua kiasi cha upana wa kidole.

Yote haya nimeyaeleza kwa 1911 kwa sababu ndiyo mama wa nyingi. John Moses Browning aliipeleka kwenye majaribio ya jeshi la Marekani mwezi Machi 1911, ikafyatuliwa risasi 6,000 bila kukwama, na mpango wake wa mtutu unaoshuka umeigwa tangu hapo. Glock, bastola ya Austria, imo humo. Ceska, bastola ya Kicheki ambayo msomaji wa magazeti ya Kenya amelizoea jina lake kwenye habari za polisi, nayo imo. Ila Glock huja na springi iliyokwisha kufungwa kwenye fimbo yake, na kizazi cha nne, cha mwaka 2010, kikaja na springi mbili, moja ndani ya nyingine. Huko unabadilisha kipande kizima.

Makarov ni habari nyingine. Bastola hiyo ya Kisovieti ya mwaka 1951 mtutu wake hausogei na hauna meno ya kushikana na slaidi. Kinachoizuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake na springi iliyouzunguka mtutu, basi. Kwa hiyo kwenye Makarov springi dhaifu ni jambo zito kuliko kwenye 1911, na kuchezea namba kwa kupunguza hakufai kabisa.

Kwa anayebadilisha, ushauri wangu ni wa kivivu: rudi kwenye namba ya kiwandani, na usogee ratili moja au mbili tu pale maganda yanapokulazimisha. Ukishaiweka, vuta slaidi hadi mwisho kwa mkono, taratibu, uhakikishe inafika ilipokuwa ikifika zamani na haigoti mapema. Kisha uwanjani weka risasi moja tu kwenye magazini na ufyatue. Slaidi inatakiwa kubaki wazi. Rudia mara tano, kwa risasi zilezile unazozitumia kila siku, kwa mkono mmoja pia. Ikijifunga hata mara moja, shuka ratili moja.

Ile ya zamani ikate kwa koleo hapohapo. Ukiitupa kwenye droo pamoja na mpya, baada ya miezi miwili zitafanana, na namba haiandikwi kwenye waya.