Bia ya pipa la wiski haijatiwa wiski

Kwenye baa za Nyali na Bamburi, wengi huamini kuwa bia nyeusi iliyokomazwa kwenye mapipa ya wiski imechanganywa na wiski. Kwa kawaida sivyo. Sheria ya Marekani hutaka bourbon, aina ya wiski ya huko, ikomazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, kwa hiyo mapipa yaliyokwisha kutumika huuzwa, na watengenezaji bia huyanunua. Mbao zake zimelowa wiski. Bia hukaa humo miezi kadhaa ikivuta harufu ya vanila, na kileo kidogo pia (imani hiyo haikuzuka hewani). Ila ukali mwingi ni wa bia yenyewe. Na weusi? Huo hutokana na kimea kilichokaangwa, hauonyeshi nguvu. Asilimia ya kileo isome kwenye lebo. Ukionja, iache kwanza ipungue baridi ya friji, maana baridi kali huficha harufu.