Je, wajua kwa nini kadi nzuri inaweza kuidhoofisha deki yako, yaani rundo la kadi unalochezea?

Mtazame kijana anayecheza Slay the Spire kwa simu akingoja feri Likoni. Ni gemu ya kupanda mnara ghorofa kwa ghorofa, ukipigana na maadui kwa kadi. Akimaliza pambano, gemu humpa kadi tatu achague moja. Bure, bila kulipia dhahabu. Mgeni wa gemu hii atachukua moja papo hapo. Aliyebobea huzisoma zote tatu, pengine moja ni kali kweli, kisha anabonyeza kitufe cha kuzikataa na kusonga mbele mikono mitupu. Huyu hajakosea. Mara nyingi amekwepa hasara.

Jibu kwa ufupi: kila kadi unayoongeza huzichelewesha nyingine zote kufika mkononi. Jibu refu lina vikwazo vyake, na vikwazo hivyo ndivyo vinavyowaangusha hata wanaolijua lile fupi.

Historia haitatuchelewesha. Gemu yenyewe imetengenezwa na Mega Crit, studio ya Seattle, Marekani. Ilianza kuuzwa Novemba 2017 ikiwa bado haijakamilika, ikakamilika Januari 2019, ikafika kwenye iPhone mwaka 2020 na Android mwaka 2021. Mtindo wa kujenga deki huku mchezo ukiendelea ulipata umaarufu kupitia Dominion, mchezo wa mezani wa mwaka 2008, ambao nao humwanzisha mchezaji na kadi 10 na kumpa 5 kila zamu.

Kosa la kuchukua kila kinachotolewa linaeleweka, hasa kwa mtu wa Mombasa. Aliyefunzwa karata barazani, Kibokoni au Majengo, amefunzwa wahedi wa sitini, na humo kukusanya ndiko kushinda. Ukila karata unazilaza kifudifudi kando yako. Mwisho mnahesabu, na mwenye pointi 61 kati ya 120 ndiye mshindi. Ree (karata ya A) ya turufu ukishaila ni yako, haikudai kitu tena. Karata zisizo na pointi ulizozila pamoja nayo hazikudhuru hata kidogo, zimelala tu.

Sasa badilisha kanuni moja. Sema kila karata unayoila inaingia kwenye rundo lako, rundo linachangwa, na zamu ijayo unavuta tano humohumo. Zile zisizo na pointi hazilali tena: zinakaa mkononi mahali ambapo ree ingekaa. Na ukiendelea kula, hata ukila turufu tupu, ile ree unayoitegemea inazidi kuzama ndani ya rundo. Mchezaji mwenye akili katika wahedi wa namna hiyo angeanza kukwepa kula. Angemwachia mwenzake mabwana na mabibi, akabaki na karata chache anazozijua kwa majina, zinazomrudia kila baada ya zamu mbili. Barazani wangemwona amerukwa na akili. Katika Slay the Spire ndivyo inavyotakiwa, maana rundo la ushindi na rundo la kuvutia ni rundo moja.

Tulitie hilo kwenye hesabu. Mhusika wa kwanza, Ironclad, huanza na kadi 10: Strike 5, Defend 4 na Bash 1. Kila zamu anavuta 5 na kupewa nishati 3 za kulipia kadi anazocheza. Zamu ikiisha, kadi zilizobaki mkononi zinatupwa pamoja na zilizotumika. Rundo la kuvutia likikauka, zilizotupwa zinachangwa upya. Kwa hiyo deki ya kadi 10 huzunguka yote kwa zamu mbili. Ya 20 inahitaji zamu nne, ya 30 zamu sita, na mapambano mengi ya kawaida huwa yamekwisha kabla ya hapo. Katika deki ya 30 kuna kadi unazibeba pambano zima bila kuziona.

Uwezekano wa kadi fulani moja kuwa mkononi zamu ya kwanza ni 5 kugawanya kwa idadi ya kadi zote: asilimia 50 kwa deki ya 10, 25 kwa ya 20, kama 17 kwa ya 30. Hapo hakuna la ajabu. Ajabu huanza unapotegemea kadi mbili zije pamoja, na mbinu nyingi kali ni za kadi mbili: moja inaandaa, nyingine inapiga. Uwezekano wa jozi hiyo kuwa mkononi zamu ya kwanza ni asilimia 22 kwa deki ya 10, 9.5 kwa ya 15, na 5.3 tu kwa ya 20. Kwa ya 30 ni 2.3. Umeongeza deki mara tatu, jozi imekuwa adimu karibu mara kumi. Mchezaji anayelalamika kwamba gemu inamwonea, kwamba kadi zake mbili tamu hazikutani kamwe, mara nyingi amezitenganisha yeye mwenyewe, kadi moja ya bure baada ya nyingine.

Mpaka hapa mtu angesema basi, tukatae kila kitu. Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, na huwa sugu kuliko la kwanza kwa sababu lina sura ya utaalamu.

Deki ya mwanzo ni ndogo, lakini ni dhaifu. Strike inatoa pigo la 6 kwa nishati 1. Bash inagharimu 2, inatoa 8, na kumfanya adui aumie asilimia 50 zaidi kwa zamu mbili. Ukivuta vizuri kabisa, yaani Bash na Strike zamu ya kwanza, Strike tatu ya pili, unapata 8 na 9, kisha 27: jumla 44, na bila kujikinga hata mara moja. Gremlin Nob, mmoja wa maadui wakali wa sehemu ya kwanza, ana afya kati ya 82 na 86, na huongeza nguvu kila unapocheza kadi ya ujuzi (Skill), Defend ikiwemo. Aliyekataa kila kadi kwa jina la deki nyembamba atakaa naye zamu nne kwa uchache, akipigwa kwa nguvu inayopanda kila anapojaribu kujikinga. Wengi hufia hapo.

Swali la maana, basi, ni kama kadi inayotolewa inazidi wastani wa zile ulizo nazo sasa. Ghorofa ya 2 wastani wako ni Strike, na karibu shambulio lolote linaupandisha: chukua. Ghorofa ya 40 umeshaondoa Strike kadhaa na kuboresha kadi zako bora, wastani umepanda, na shambulio lilelile lingeuvuta chini. Kadi ni moja, maandishi ni yaleyale, jibu limegeuka. Kwa hiyo orodha zinazopanga kadi kutoka bora hadi mbaya, bila kusema ni za ghorofa gani, zisikushughulishe sana.

Kuna kadi zinazoikwepa hesabu hii, na ni vizuri kuzitambua kwa sura. Pommel Strike inatoa pigo la 9 na kukuvutia kadi 1. Shrug It Off inatoa kinga ya 8 na kukuvutia kadi 1. Kila mojawapo inajaza nafasi yake yenyewe: umeitumia, nyingine imekuja badala yake. Gharama yake ni nishati tu, na deki ya kadi 20 yenye nne za aina hii huzunguka kama ya 16 maadamu una nishati ya kuzicheza. Ukiiboresha Pommel Strike inatoa 10 na kuvuta 2, yaani inalipa zaidi ya nafasi iliyokalia. Kundi la pili ni kadi za nguvu, zile zinazokaa kazini pambano zima: ukishazicheza hazirudi kwenye mzunguko mpaka pambano liishe. Kadi zinazoteketea, yaani zinazotoka pambanoni zikishatumika, ni vivyo hivyo. Deki ya 25 yenye sita za namna hiyo inaishia kuwa ya 19, ila zamu za mwanzo bado unazivuta kwa kasi ya 25, na zamu za mwanzo ndizo zinazoua.

Hesabu za wastani, hata hivyo, zinaficha jambo moja. Unavuta kadi tano, lakini kwa nishati 3, kama kila moja inagharimu 1, unacheza tatu. Mbili mbaya zaidi unaziacha mkononi. Kwa hiyo Strike moja au mbili zilizobaki hazikuumizi kwa kiasi ambacho wastani ungedai. Zinaumiza pale zinapokuja tatu au nne kwa pamoja. Ukipata hirizi inayokupa nishati ya nne, unaanza kufika kwenye zile mbaya, na ubora wa kadi ya nne una uzito ambao jana haukuwepo.

Kuondoa kadi hufanyika dukani: 75 za dhahabu mara ya kwanza, kisha 100, kisha 125, bei inapanda kwa 25 kila unapoondoa. Pambano la kawaida hulipa kati ya 10 na 20, hivyo 75 ni jasho la mapambano matano hivi. Anza na laana kama unayo, maana ni garasa tupu. Zifuate Strike, kabla ya Defend, kwa sababu utakuwa umeshapata mashambulio bora njiani, ilhali kinga nzuri ni adimu zaidi. Kosa la kawaida ni kuondoa Strike moja kwa 75 halafu kuchukua kadi ya wastani kwenye mapambano mawili yanayofuata. Umelipa ili deki iongezeke kwa moja.

Wembamba nao una adui wake. Corrupt Heart, adui wa mwisho kabisa, hufungua pambano kwa kukuchanganyia garasa tano kwenye rundo la kuvutia. Deki ya 12 inakuwa ya 17, na asilimia 29 yake ni takataka. Deki ya 30 inakuwa ya 35, takataka asilimia 14. Kwa mara moja tu, mnene anapumua kuliko mwembamba.

Na kuna kituko cha Dropkick, kadi inayopendwa na wapenzi wa deki ndogo. Inagharimu nishati 1, inatoa pigo la 5, na kama adui amedhoofishwa na Bash inakurudishia ile nishati na kukuvutia kadi 1. Ukiwa na Dropkick mbili, huku kadi nyingine zote zimo mkononi au zimeteketea, ya kwanza inavuta ya pili, ya pili inavuta ya kwanza, na zamu haiishi: 7, 7, 7 (5 na nusu yake, desimali ikiachwa), mpaka adui aanguke. Watengenezaji wameiacha ifanye kazi. Isipokuwa juu ya mnara, katika sehemu ya tatu, anaweza kukusubiri Time Eater, ambaye anahesabu kadi zako na kuikata zamu ikifika ya 12. Hata zote 12 zikiwa Dropkick, ni 84, naye ana afya 456.