Kuifanya upya picha iliyokataliwa si kuirekebisha

Kuifanya upya picha ni kuchukua picha uliyokwisha kuikataa, iliyotikisika, iliyoungua kwa mwanga au iliyopigwa kwa pembe mbaya, ukaihariri mpaka ikawa picha nyingine yenye kusudi jingine, si lile ulilokuwa nalo ulipobonyeza kamera. Basi, maana yake ni hiyo. Simu yenye programu ya kuhariri picha kama Snapseed inatosha kuianza kazi, na mwenye kompyuta anaweza kupakua programu ya GIMP bila kulipa hata senti. Shida ni kwamba hapa Lindi kazi hii imeanza kuitwa "kurekebisha". Nimelisikia neno hilo kwa vijana wa picha za harusi, kwa wachapaji wa kalenda, hadi kwa mtu wa ofisi aliyekuwa anatafuta picha ya kuweka kwenye ripoti, na kila mara lilikuwa limekaa pasipo pake.

Anayerekebisha picha anairudisha kwenye kile jicho lilichokiona. Picha imetoka na giza, anaiongezea mwanga. Taa za ukumbini zimemfanya bibi harusi awe wa njano, anaipooza ile njano. Upeo wa bahari umelala upande mmoja, anaunyoosha. Muda wote anajiuliza: siku ile palikuwaje? Anayeifanya picha upya hana haja na swali hilo. Yeye anauliza kimebaki nini ndani ya faili, na hicho kilichobaki kinaweza kuwa nini.

Na urekebishaji una mwisho wake, mwisho unaowekwa na faili lenyewe. Picha ya JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, inahifadhi mwanga kwa ngazi 256 kwa kila rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Faili ghafi (RAW) la kamera nyingi, yaani picha kabla haijabanwa kuwa JPEG, lina biti 12 au 14, ambazo ni ngazi 4,096 au 16,384, ndiyo maana wapiga picha wazoefu hawaachi kulisifu. Sehemu ya giza, hata ikionekana nyeusi tii, mara nyingi ina kitu ndani yake. Ukiipandisha itakuja na chembechembe, lakini itakuja. Sehemu iliyoungua kabisa haiji. Anga lililofika 255 kwa rangi zote tatu ni jeupe basi, hakuna wingu lililojificha chini ya weupe ule. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimerudisha anga" kwenye JPEG iliyoungua, hakurudisha kitu. Ameweka.

Chukua picha ya kivuko cha Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, iliyopigwa saa saba mchana. Kamera imepima mwanga kwenye nyuso za abiria waliokaa kivulini, na anga lote likaungua. Picha za namna hii wengi wetu tunazo kwenye diski, tumezitupa huko na hatuzifungui. Unaweza kuigeuza nyeusi na nyeupe, ukakaza tofauti ya mwanga na giza mpaka abiria wakabaki maumbo meusi, kikapu kichwani na usukani wa baiskeli vikasimama waziwazi mbele ya weupe mtupu. Kisha unakata maji ya chini yasiyo na kazi. Anga lililoharibika sasa ndilo linaloibeba picha, na hukuongeza kitu hata kimoja.

Au unaweza kuchukua anga la picha nyingine na kulipachika, na hapa ndipo uvumilivu wangu ulipofika mwisho. Nimeonyeshwa picha iliyopigwa kutoka ufukweni mwa mji, Kitunda ikionekana ng'ambo, na juu yake jua jekundu limeshuka karibu na minazi. Chini imeandikwa: "Machweo Lindi. Picha imerekebishwa." Aliyesimama pale ufukweni anajua kwamba Kitunda iko upande linakochomoza jua. Jioni jua linazama nyuma ya mji, kwenye vilima. Kazi yenyewe ni ya mkono hodari, wekundu wa anga umefuatishwa mpaka kwenye viwimbi vya maji, na mimi ningeitundika ukutani. Ila kurekebishwa, haijarekebishwa.

Wala kubadilisha anga si jambo la aibu, na halikuletwa na simu. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anapiga picha za bahari kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodioni, dawa inayoiwahi mno rangi ya buluu. Anga likawa linaungua kabla bahari haijatokea vizuri. Akapiga anga kwenye bamba lake, bahari kwenye bamba lake, akaviunganisha katika karatasi moja. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, huko Uingereza, aliunganisha negativu (mabamba ya picha kabla hazijachapwa) zaidi ya 30 kuwa picha moja. Programu ya kuhariri picha ya Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990, ilikuta kazi hii ina zaidi ya miaka mia moja.

Panaponiuma hasa ni kwenye nyuso. Mama mmoja alileta picha ya marehemu baba yake, imepigwa kwa simu, mzee amekaa kwenye jamvi chini ya mkorosho. Aligeuza kichwa wakati picha inapigwa, uso ukatikisika. Kijana wa nyumbani kwao alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya akili mnemba, ikarudi na uso mkali kabisa: kope, meno, mikunjo ya paji la uso. Mama akaitazama, akaniambia, "Mwanangu, haya macho si ya baba." Alisema kweli. Mtikisiko ukishachanganya mwanga wa jicho na wa shavu namna ile, programu haina pa kulitoa jicho lenyewe, inatengeneza jicho kutokana na macho ya watu wengine iliyofundishwa kwayo. Picha ile haikuwa ya kurekebishwa. Lakini mikono ya mzee ilikuwa imetulia juu ya fimbo, mishipa yote inaonekana. Tukaukata uso ukatoka, tukabakiza mikono, fimbo na pindo la msuli, tukatia giza pembeni na rangi ya kahawia kidogo. Mama akaomba ichapwe kubwa.

Kwa hiyo, jamaa zangu wa studio, ukiongeza mwanga, ukapooza rangi, ukanyoosha upeo, sema umerekebisha. Ukipachika anga, ukaunganisha picha mbili au ukamfuta mpita njia, sema umeifanya upya. Kwenye kalenda na kadi za harusi ruksa kabisa. Kwenye habari au ripoti haifai: hata mashindano ya World Press Photo hayapokei picha iliyoongezwa au kuondolewa kitu. Na wewe mwenye picha ya Kitunda, usiifute wala usiiguse, ni nzuri ilivyo. Ondoa tu hiyo "imerekebishwa", uandike kwamba imefanywa upya na anga ni la mahali pengine.